Kiingereza cha kuombea maji

"Mwalimu, nakisikia vizuri tu, ila kukiongea ndiyo mtihani."

Maneno haya nimeyasikia mara nyingi sana katika darasa langu la jioni hapa Moshi. Wanaoyasema ni wapagazi wa Mlima Kilimanjaro wanaotaka kupanda daraja wawe waongoza watalii, wahudumu wa hoteli, wauguzi, wauza vinyago, na mara mojamoja mwalimu wa sekondari anayefundisha Jiografia kwa Kiingereza mchana, kisha jioni anakuja kukaa dawatini akiomba wanafunzi wake wasijue. Wote wamekisoma Kiingereza miaka na miaka. Ukiwauliza wanakijua kiasi gani, wanakupa jibu ambalo kila Mtanzania analifahamu: "Cha kuombea maji tu."

Msimu uliopita alijiunga kijana mmoja aliyekuwa amebeba mizigo mlimani kwa miaka sita. Nilimpa chaki aandike vitenzi kumi pamoja na maumbo yake ya wakati uliopita, akaviandika vyote bila kosa: go, went, gone, take, took, taken. Mwandiko wake mzuri, wa mtu aliyekaa darasani akasikiliza. Kisha nikamwomba atueleze habari za mama yake kwa Kiingereza, kwa maneno yoyote atakayopata. Alijifuta mikono kwenye suruali. Akatazama dirishani. Mwisho akasema, "My mother, he is a farmer." Watu wawili wa nyuma wakacheka. Kijana akakaa, na wiki ile yote hakufungua tena mdomo.

Naomba tulitazame tukio hili kwa karibu, maana karibu kila swali ninaloulizwa kuhusu kuongea Kiingereza limo ndani yake.

Tuanze na kosa lenyewe. Kwa Kiswahili angesema, "Mama ni mkulima, analima kahawa." Kiambishi kile cha a- kinambeba mama, kinambeba baba, kinambeba mtoto na hata mbuzi, hakiulizi jinsia ya mtu. Aliyelelewa na lugha hii hajawahi kulazimika kuamua, kabla ya kufungua mdomo, kama anayemsema ni wa kiume au wa kike. Kanuni ya "he" na "she" kijana yule anaijua. Mpe karatasi yenye nafasi za kujaza, atapata zote. Lakini anayeongea hana muda wa kukumbuka kanuni. Mwingereza akizungumza kwa mwendo wa kawaida hutoa takribani maneno 150 kwa dakika. Ukisimama kuchagua kiwakilishi, mwenzio amekwisha kufika sentensi ya tatu. Ujuzi unaohitajika hapa ni ule ulioshuka kutoka kichwani ukakaa kwenye ulimi, na haushuki ila kwa kusema, kukosea, na kusema tena.

Sasa jiulize: kijana huyu amepata wapi nafasi ya kusema? Chukua kipindi cha dakika 40 na darasa la wanafunzi 80, jambo ambalo si geni katika shule zetu. Mwalimu akikaa kimya kipindi kizima, akawaachia wanafunzi dakika zote wagawane sawasawa, kila mmoja atapata sekunde 30. Vipindi vitano kwa wiki, dakika mbili na nusu. Na hakuna mwalimu anayekaa kimya kipindi kizima. Wengi humaliza kidato cha nne wakiwa wameandika Kiingereza daftari kwa daftari, nao hawajawahi kuzungumza kwa Kiingereza mfululizo kwa dakika tano. Linganisha na Wamarekani wanaokuja kufanya kazi za ubalozi kwetu. Chuo cha wizara yao ya mambo ya nje kinakadiria kwamba mtu wao anahitaji wiki 36, takribani saa 900 za darasani, kujifunza Kiswahili, tena katika vikundi vya watu wachache ambamo kila mmoja hulazimika kuongea siku nzima. Na Kiswahili hawakiweki katika kundi la lugha ngumu kabisa. Kwa hiyo mtu anaponiambia yeye ni mzito wa lugha, simkubalii. Hajapewa zile saa.

Wapo wanaodhani kusikiliza kunatosha: tazama filamu, sikiliza redio, lugha itakuja yenyewe. Kusikiliza ni lazima, wala sikudharau. BBC ilianza vipindi vya kufundisha Kiingereza redioni mwaka 1943 na vimewafaa wengi. Lakini tazama yaliyotokea Canada. Kuanzia mwaka 1965, katika jimbo la Quebec, watoto wa wazazi wanaozungumza Kiingereza waliwekwa katika madarasa ambayo masomo yalifundishwa kwa Kifaransa. Miaka mingi baadaye mtafiti Merrill Swain aliwachunguza wanafunzi wa madarasa ya aina hiyo, akakuta kwamba wanaelewa Kifaransa vizuri sana, ila wakiongea na kuandika wako nyuma ya uelewa wao. Mwaka 1985 akaandika hoja ambayo walimu wa lugha tunaitumia mpaka leo: mwanafunzi anatakiwa asukumwe kutoa lugha, kwa sababu ni pale anapotafuta neno na kulikosa ndipo anapogundua alichopungukiwa. Kwa lugha ya darasani kwangu, hiyo ndiyo habari ya mtu anayekisikia lakini hawezi kukiongea. Si ajabu wala si laana. Kila upande wa lugha unakua kwa chakula chake.

Hapa siwezi kupita bila kugusa sera, ingawa nitagusa kwa ufupi. Tangu mwaka 1967 shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha mtoto akifika kidato cha kwanza lugha inabadilika, Biolojia kwa Kiingereza, Jiografia kwa Kiingereza. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari, pendekezo ambalo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima wanafunzi wetu wakakuta Kiingereza cha walio wengi hakitoshi kusomea masomo, na bado wakashauri kiendelee kutumika. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amesema kwa miaka mingi jambo ambalo naona ni kweli tupu: kufundisha Kiingereza ni kitu kimoja, na kufundishia kwa Kiingereza ni kitu kingine. Mtoto anayekariri maana ya usanisinuru kwa lugha asiyoielewa hajifunzi Biolojia, na Kiingereza hajifunzi pia. Anajifunza kunyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kunakoniuma zaidi. Nilisoma katika shule ambayo aliyeongea Kiswahili alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika mwaka 1986 juu ya adhabu kama hiyo kwa watoto wa Kenya waliokutwa wakisema Kikuyu. Waliobuni kibao walitaka tuongee Kiingereza. Sisi tuliona njia rahisi zaidi: ukikaa kimya, hukivai. Nilipitisha mihula mizima nikizungumza na rafiki zangu kwa ishara na vichwa. Na ukubwani tumeendelea kuvishana vibao vya namna nyingine. Msanii au mchezaji akikosea neno moja la Kiingereza mbele ya kamera, kipande hicho cha video kinazunguka kwenye simu za nchi nzima kabla ya jua kuzama. Mjerumani akikosea Kiswahili tunampigia makofi na kumwambia "hongera, unajua!" Ndugu yetu akikosea Kiingereza tunamcheka mpaka machozi. Wale wawili wa nyuma darasani kwangu hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanafanya walichofanyiwa. Niliwaita pembeni, nikawaambia kwamba mtu mmoja amenyamaza kwa ajili yao. Mmoja alikuja kesho yake akamwomba radhi kijana yule, tena kwa Kiingereza, na akakosea.

Swali linalofuata siku zote ni la lafudhi. "Mwalimu, nitawezaje kuongea kama wao?" Nami huuliza: wao akina nani? Wageni wanaopanda mlima huu ni Wajerumani, Waholanzi, Wakorea, Wajapani, Wapolandi. Kiingereza kingi kinachosemwa kwenye njia ya Machame kinasemwa baina ya watu ambao hakuna hata mmoja aliyezaliwa nacho. Mwaka 2000 mtafiti Jennifer Jenkins alitoa kitabu kilichotokana na uchunguzi wa mazungumzo ya watu wa namna hiyo, akitafuta ni matamshi gani yakikosewa hukatisha mawasiliano na ni yapi hayana madhara. Urefu wa irabu, alisema, una uzito. Neno linalobeba mkazo katika sentensi lina uzito. Lakini sauti za "th", ambazo duniani kote watu huadhibiwa kwa ajili yake, alikuta hazizuii maelewano.

Kwa Mswahili habari hii ina utamu wake. Sauti za "th" na "dh" tunazo tangu zamani, zilikuja na Kiarabu: thamani, thelathini, dhahabu, dhambi. Anayesema "thelathini" sawasawa ana "think" mdomoni, na anayesema "dhahabu" ana "this". Mfaransa anahangaika nazo mwaka mzima. Shida yetu iko kwenye irabu. Kiswahili kina tano, zinazotamkwa kama zilivyoandikwa. Kiingereza cha Uingereza kina irabu ishirini hivi ukihesabu na zile pacha, na herufi haziaminiki. Sikio letu linapokea "bad", "bud", "bird" na "bard" likayaweka yote kwenye kapu moja la a. Linapokea "live" na "leave" likaona ni neno moja, ndipo mtu anayetaka kusema anaishi Moshi anaeleweka kwamba anaondoka. Tena kila silabi ya Kiswahili hupenda kuishia na irabu, kwa hiyo "film" tumeifanya filamu, na mwanafunzi akiombwa kusema "milk" atakuletea "miliki". Mkazo nao kwetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, haubadiliki, ilhali wao huuhamisha ovyo: "photograph" mkazo mwanzo, "photography" mkazo silabi ya pili. Nawashauri wanafunzi kila neno jipya walijifunze pamoja na mahali pa mkazo wake, kama unavyojifunza jina la mtu pamoja na sura yake. Hayo mawili, urefu wa irabu na mkazo, yakikaa, lafudhi ya Kichaga, ya Kisukuma au ya Kipemba haina ubaya wowote. Ni kitambulisho chako.

Lakini mambo yanayoleta matatizo ya kweli kazini mara nyingi hayamo katika matamshi. Yamo katika tabia za Kiswahili tunazozihamisha bila kujua. Wapagazi wamenifundisha mengi hapa. Mgeni akijikwaa kwenye jiwe, mpagazi husema "Sorry, sorry!" kwa moyo wote, maana kichwani ana neno "pole". Mgeni anashangaa: kwa nini unaniomba msamaha, kwani wewe umeniangusha? "Pole" yetu ni kushiriki maumivu ya mwenzio. "Sorry" yao katika hali ile inasikika kama kukiri kosa. Anayejua hilo atasema "Are you okay?" na mambo yatakwenda.

Saa nayo. Safari ya kuelekea kileleni, mita 5,895, kwa kawaida huanza karibu na usiku wa manane, kwa hiyo wageni huamshwa saa tano usiku. Mwanafunzi wangu mmoja aliwaambia wageni wake "wake up at five". Walilala wakijua ni alfajiri. Alipowagonga hemani saa tano yetu, ambayo kwao ni kumi na moja, waliamka wakidhani kuna hatari. Kuongeza au kupunguza sita ni hesabu rahisi, ila lazima ulimi uizoee kabla ya usiku ule.

Kubwa kuliko yote ni swali lenye ukanushi. Kwa Kiswahili ukiniuliza "Huumwi kichwa?" nami niko mzima, nitajibu "Ndiyo, siumwi." Ndiyo yangu inakubaliana na kauli yako. Kwa Kiingereza mtu mzima hujibu "No", kwa kuwa jibu lake linafuata hali ya kichwa chake, halifuati namna ulivyouliza. Sasa mweke msaidizi wa mwongozaji kwenye kambi iliyo juu ya mita 4,000, mahali ambapo maumivu ya kichwa huweza kuwa dalili ya kwanza ya maradhi ya mwinuko. Anauliza, "You don't have a headache?" Mgeni anayeumwa anajibu "Yes." Msaidizi anasikia: ndiyo, siumwi. Anaendelea na safari. Nimeambiwa tukio la namna hii na mtu aliyelishuhudia, na tangu siku hiyo darasani kwangu swali lenye ukanushi ni marufuku. Tunauliza "How is your head?" na tunasubiri maelezo. Hakuna kitabu cha sarufi cha shuleni nilichosoma kilichonieleza tofauti hii, ingawa inaweza kugharimu uhai.

Na sasa turudi kwenye maji. Tunasema "Kiingereza cha kuombea maji" tukimaanisha kidogo kisicho na thamani. Jaribu kuyaomba hayo maji. Mwanafunzi mpya husema "Give me water." Kwa Kiswahili hakukosea adabu: "naomba", "nipatie", "unipe" zote zina upole wake ndani ya kitenzi na ndani ya sauti. Akitafuta kitenzi cha Kiingereza anakuta "give", na upole wote umebaki nyumbani. Kwa Kiingereza adabu hukaa kwenye kishazi kizima: "Could I have some water, please?" Neno kwa neno hakitafsiriki. Ndiyo maana nawaambia wasikariri maneno mojamoja. Wabebe vishazi vizima kama mtu anavyobeba salamu. Anayejua kuomba maji kwa heshima, akajibiwa, akashukuru, amekwisha kufanya mazungumzo kamili. Wengi wenye vyeti hawajafika hapo.

Tunafanyaje, basi? Zoezi tunalolitumia zaidi ni lile ambalo Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand, alilichunguza na kuliandikia mwaka 1989. Wanafunzi wanakaa wawiliwawili. Mmoja anasimulia jambo kwa dakika nne, mwenzake anasikiliza tu, hamsahihishi. Kisha wanabadilishana wenzi, na msimuliaji anasimulia hadithi ileile kwa mwingine, dakika tatu. Halafu mwingine tena, dakika mbili. Duru ya kwanza chumba kinajaa "mmm" na "yaani" na watu wanatazama dari. Duru ya tatu utasikia sauti zimepanda, mikono inacheza, mtu anacheka hadithi yake mwenyewe. Zoezi hili halihitaji kompyuta wala ada. Linahitaji watu watatu wa kukusikiliza na saa ya ukutani. Asiye na watu atumie simu: ajirekodi, asikilize, ajirekodi tena. Wanafunzi wangu huona aibu kusikia sauti zao siku ya kwanza tu.

Kuhusu muda, mabango yanayoahidi Kiingereza kwa siku 30 yanakula fedha za watu masikini, na nasema hivyo bila kumung'unya. Siku 30 za kuongea kila siku zitakuondolea woga, na hilo ni jambo kubwa. Ufasaha ni suala la mamia ya saa. Kuhusu umri, nina wanafunzi wa miaka 50 wanaodhani wamechelewa. Mwaka 1978 watafiti Snow na Hoefnagel-Höhle walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazungumzaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kidachi huko Uholanzi, watoto kwa watu wazima. Walioshika mkia katika vipimo walikuwa watoto wa miaka 3 hadi 5. Mtoto ana faida yake ya lafudhi na ya muda mrefu ulio mbele yake, lakini mtu mzima ana akili iliyokwisha kujua lugha moja hadi mwisho. Kwetu wengi wanajua mbili: ya nyumbani na Kiswahili. Aliyewahi kuhama kutoka Kichaga hadi Kiswahili ameshafanya safari hii mara moja.

Kijana wa mama mkulima alirudi kuongea wiki ya pili, kwenye duru ya dakika nne, kwa mtu mmoja tu aliyekaa mbele yake. Mwezi wa tano alikuwa anasimulia jinsi mama yake alivyouza mbuzi kumlipia viatu vya mlimani. Akichoka bado husema "he". Msikilizaji husubiri, naye hujirekebisha mwenyewe na kuendelea. Sasa ni msaidizi wa mwongozaji.

Darasa linaanza saa kumi na mbili jioni, ambayo kwa Kiingereza ni saa sita. Ukija tutakuuliza habari za mama yako, na hakuna atakayecheka.